Kungumanga ya nyanya na kijiko cha muuza viungo

Nyanya yangu wa Mji wa Kale alikuwa na dawa moja ya mtu asiyepata usingizi: maziwa moto na kungumanga. Hakupima kwa kijiko. Aliikwaruza kokwa kwa ncha ya kisu mara tatu, vumbi la kahawia likaelea juu ya maziwa, basi. "Kunywa, kisha uzime taa."

Nilimkumbuka mwezi uliopita, baada ya kama wiki mbili za kusikia adhana ya alfajiri nikiwa macho makavu. Nikaenda Marikiti. Muuza viungo alipojua shida yangu, akaiweka kungumanga kando na kutoa kichupa cha unga kisicho na karatasi wala jina. "Hii ndiyo yenyewe, ndugu yangu. Vijiko viwili." Kina nini ndani? "Miti shamba." Nikamrudishia.

Sina ugomvi na miti shamba, nina ugomvi na kijiko. Mikwaruzo ya nyanya haina neno, lakini gramu tano hivi za kungumanga, karibu kokwa nzima, zaweza kumfanya mtu moyo umwende mbio, kinywa kimkauke na aone visivyokuwepo. Tena huchukua saa kadhaa kuanza, kwa hivyo mwenye haraka huongeza. Na huo usingizi wake umepimwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu.

Mizizi ya Wazungu nayo haijafua dafu. Valeriani inasifiwa sana, ila mwaka 2017 madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri isitumiwe kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, maana ushahidi wake ni hafifu. Kilichowekwa mbele ya vidonge vyote ni tiba ya kubadili mazoea: kuamka saa ileile kila siku, kutoka kitandani usingizi ukigoma. Haina harufu tamu wala haiuzwi Marikiti.

Mimi nimeanza na aibu yangu. Kila usiku baada ya Isha nilikuwa barazani, vikombe vitatu vya kahawa tungu, halafu nalaumu joto! Kafeini ya saa tatu, karibu nusu yake bado imo mwilini saa nane usiku.

Sasa muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe namwambia asubuhi, inshallah. Anadhani naumwa. Nami nyumbani nakwaruza kungumanga yangu, mara tatu tu.