Mjomba, huo unga wa kijani usikuachishe vidonge

Jumapili usiku mjomba wangu alinitumia video. Bwana mmoja mwenye koti jeupe (koti tu, sina hakika na udaktari) anakoroga unga wa kijani kwenye glasi, anaugugumia, kisha anatangaza kwamba unga huo, spirulina, umejaribiwa na unaponya kisukari. Chini yake mjomba kaandika: "Naacha vidonge?"

Nilikaa kitako kitandani.

Kujaribiwa imejaribiwa, sibishi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa India: watu 25 wenye kisukari aina ya pili, gramu mbili kwa siku, miezi miwili, na sukari ya waliokula ikashuka. Watu 25, tena wamegawanywa, wa kula na wa kulinganishwa nao. Hata darasa hawajazi! Utafiti wa namna hiyo unasema "hapa pana jambo, chimbeni zaidi". Bwana wa koti yeye kasikia "uza".

Na kinachoniudhi zaidi ni hiki. Mtu huanza dawa mpya lini? Siku kipimo kimemtisha. Sukari iliyopanda kupita kawaida yake, mara nyingi itateremka kidogo hata ukilamba chaki. Halafu mtu huyo akishajua anapimwa, soda anaiacha, jioni anatembea, vidonge alivyokuwa akivisahau sasa anavikumbuka. Sukari ikishuka, sifa zote zinakwenda kwa kopo la kijani. Ndiyo maana lazima liwepo kundi jingine linalokula unga bandia, na mlaji wala mgawaji asijue nani kala nini. Jaribu sasa kutengeneza unga bandia unaonuka dimbwi kama spirulina! Wala miezi miwili haitoshi. Kipimo cha A1c husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku kama 120. Ukipima siku ya 60 bado unasoma na habari za kabla ya unga. Macho, figo na miguu, ambavyo ndivyo tunavyoviogopa, vinataka miaka.

Ati ni ya asili, haina madhara. Spirulina si hata mwani hasa, ni bakteria wa kijani-buluu, na ikivunwa pamoja na jamaa zake wabaya huweza kubeba sumu inayoharibu ini.

Haya, nikubali moja, japo kwa shingo upande: metformini, yaani hivyo vidonge vya mjomba vya kisukari, nayo ukoo wake unaanzia kwenye mmea, galega. Lakini kemikali ya mmea wenyewe ilikuwa na sumu mno, ikabidi watu wa maabara wahangaike na ndugu zake, hadi 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa alipochapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa. Spirulina nayo ikipita njia hiyo ndefu, nitainywa nikiimba.

Na wewe mwenye kisukari aina ya kwanza, tafadhali, nakuomba: usiguse ratiba ya insulini kwa sababu ya video. Bila insulini mtu anakufa.

Mjomba nilimwambia vidonge asiache hata kimoja, na hilo kopo alipeleke kwa daktari wake likasomwe. Akajibu asubuhi: "Sawa mwanangu. Ila nimeshanunua matatu."