Mume Wangu Alipojifanya Mbunge

Mwenye mume anayesubiri grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, Marekani anaijua namba ya kesi kuliko namba ya simu ya mama yake: herufi tatu, tarakimu kumi. Wangu alikuwa akiiingiza mtandaoni kila alfajiri kabla hata ya kupiga mswaki, na jibu ni lilelile: kesi yako inashughulikiwa. Fomu za I-130, ya mimi kumwombea mume, na I-485, ya yeye kuomba kadi, tulizipeleka ndoa ikiwa bado inanukia udi. Akachukuliwa alama za vidole, akapata kibali cha kazi, kisha kimya. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akaanza kunijibu mdomo. Kesi inashughulikiwa.

Hapa Columbus kila Mswahili ni wakili. Mmoja akasema, "Ishtakini serikali." Mwingine akasema, "Someni Yasini." Nikaulizia bei ya kushtaki, nikarudi kwenye Yasini.

Mwishowe shoga yangu mmoja akanizindua: ofisi ya mbunge wa jimbo ina watu ambao kazi yao ni kuuliza idara za serikali kwa niaba ya wananchi, na hawatozi hata senti. Mimi nina uraia, kura yangu anaitaka. Ila kwa sheria ya faragha ya mwaka 1974 lazima mwenye kesi atoe idhini kwa maandishi. Nikamwekea Baba Nuru fomu akiwa anatazama Simba na Yanga. Akasaini macho yakiwa kwenye runinga. Ingekuwa ya talaka angesaini vilevile.

Sasa, huyu bwana ana ugomvi na matapeli wa simu. Kuna mwenzake wa msikitini aliyepigiwa na "polisi", akaambiwa anunue kadi za zawadi dukani, zile za kukwangua kama vocha, awasomee namba. Zikaliwa zote. Tangu hapo Baba Nuru akipigiwa na namba ngeni hakati simu. Anastarehe.

Jioni moja nimerudi kazini nimechoka, nikamkuta anacheka peke yake.

"Leo wamekuja na mpya, Mama Nuru. Ati kadada kanapiga kutoka kwa mbunge! Nikamwambia, mbunge ndiye mimi, umechelewa, nilikuwa nakusubiri."

"Akasemaje?"

"Akataka tarehe yangu ya kuzaliwa. Nikamwambia athibitishe yeye kwanza: aende dukani, anunue kadi za dola mia tano, anisomee namba. Na asikate simu, polisi wako njiani!"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kisha nikafungua barua pepe zangu.

Zilikuwa mbili kutoka ofisi ya mbunge. Ya kwanza inasema mume wangu amepangiwa mahojiano. Ya pili inauliza, kwa adabu kubwa, kama ile namba ya simu ni yake kweli, maana aliyepokea ameomba kadi za zawadi.

Nikamsomea. Tonge likamganda mkononi.

"Kwani kuna mbunge kweli?"

"Yule uliyemsainia wakati wa penalti."

Kesho yake nikapiga kuomba radhi. Yule dada alicheka mpaka akashindwa kusema. Ofisi nzima ilikwisha pata habari.

Siku ya mahojiano mambo yakaenda vizuri: picha za harusi, mkataba wa nyumba, Nuru akamwaga biskuti kwenye zulia la serikali. Mpaka ofisa alipofika kwenye maswali ya fomu: "Umewahi kudai kwa uongo kuwa wewe ni raia wa Marekani?"

Baba Nuru akanigeukia. Nikajua anachowaza. Marekani mbunge lazima awe raia kwa miaka saba, na yeye alishajiita mbunge. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Hapana," akasema, kwa sauti nyembamba.

Kadi ikaja, na ya miaka kumi, maana ndoa ilikwisha vuka miaka miwili kabla ya kesi kuamuliwa. Ingekuwa chini ya hapo tungepewa ya miaka miwili na fomu nyingine juu. Baba Nuru kwa furaha akataka kumshukuru yule dada kwa kadi ya zawadi. Nikamwambia kanuni za Bunge lao zinawakataza watumishi kupokea kitu kama hicho.

"Basi tuko sare," akasema. "Na yeye zangu hakunipa."