Kusema Kweli, Zilikuwa Ngazi Saba Tu

Naandika haya nikiwa nimekalia mto, na ninayaandika mapema kuliko nilivyokusudia kwa sababu jirani yangu wa ghorofa ya tatu, ambaye Jumamosi tulimpa nafasi garini na akala mahamri ya mama mkwe wangu bila kuombwa mara mbili, ameshaisambaza habari katika kundi la WhatsApp la wapangaji. Kwa mujibu wake nilibingirika ngazi 30, nikaokolewa na wazee wa ngoma, na nikarejea Nairobi nimevaa gauni. Zilikuwa ngazi saba. Hakuna mzee aliyeniokoa. Na lile halikuwa gauni, ilikuwa leso, jambo nitakalolifikia kwa wakati wake, kwa hiyo mlioanza kunitumia zile picha za vikatuni vinavyolia machozi ya kicheko, ngojeni kwanza.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Likoni kwa wiki mbili. Yeye ni mtu wa usawa wa bahari. Maji anayoyajua hupwa na kujaa, hayaanguki. Nami, kwa kutaka sifa ambazo mkwe hutaka kila anapopata nafasi, nikatangaza mezani kwamba nitampeleka Nyahururu akaone maporomoko ya Thomson, na kwamba mwongozaji wa safari nitakuwa mimi mwenyewe. Nilisoma hadi saa sita usiku. Nilijua kwamba maji yale huanguka mita 74, kwamba mto wenyewe ni Ewaso Narok, kwamba mji uko karibu mita 2,360 juu ya usawa wa bahari, na kwamba Joseph Thomson, Mskoti aliyepita pale mwaka 1883, aliyapa maporomoko hayo jina la baba yake. Nilijua kila kitu isipokuwa viatu vya kuvaa.

Mke wangu alinionya kabla hatujatoka nyumbani. Alisema, "Baba watoto, vaa raba." Nikamjibu kwamba picha za siku ile zitatundikwa ukutani, na kwamba mtu hawezi kutundikwa ukutani akiwa na raba. Nikavaa viatu vyangu vya ngozi vya harusini, vile ambavyo soli yake imelika hadi ikawa kama kioo, pamoja na suruali nyembamba ya rangi ya maziwa ambayo, nikiketi, hunikumbusha kwamba niliinunua nikiwa na kilo pungufu.

Njiani sitawachosha. Tulisimama ukingoni mwa Bonde la Ufa ili mama mkwe alitazame, tukala nusu ya mahamri pale pale, tukapinda Gilgil, na tulipofika Ol Kalou, kwenye magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara, baridi ikawa imeingia hadi kwenye mifupa. Mama mkwe akatoa leso ya pili mkobani na kujifunika mabegani. Kabla ya mji tukavuka ikweta, watoto wakaruka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine na kurudi mara kadhaa, nami nikatoa mhadhara wa dakika kumi. Jirani aliniambia baadaye kwamba alihesabu.

Maporomoko yenyewe, ukiyatazama kutoka juu, yanatia adabu. Mto unakuja taratibu, umetulia kama mtu asiye na nia yoyote mbaya, halafu ardhi inaisha na maji yote yanakwenda chini kwa pamoja, na mvuke wake unapanda hadi kukulowesha uso ukiwa bado umesimama kwenye ukingo. Mama mkwe alisema "Mashallah" mara tatu kisha akanyamaza. Kando yake walikuwapo wazee waliovalia ngozi na shanga, wenye vinyonga juu ya fimbo, ambao hupiga picha na wageni kwa malipo. Wakumbukeni hao wazee.

Palipo na njia ya kushuka hadi chini, kijana mmoja mwembamba alinijia akajitolea kutuongoza kwa shilingi 300. Alieleza kwa heshima kwamba ngazi zina utelezi, kwamba yeye huzipanda na kuzishuka kila asubuhi akifanya mazoezi ya mbio, na hilo niliamini, kwa kuwa huu ndio mji uliomlea Samuel Wanjiru, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Beijing mwaka 2008. Nikamwambia kwamba mimi nakaa ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti, na kwamba ngazi ni chakula changu cha kila siku. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameulizwa, alifungua pindo la leso, akatoa noti zake mwenyewe na kumkodi yule kijana. Alinitazama kwa namna ambayo sasa ninaielewa.

Tukashuka. Nilitangulia, nikiwa nimebeba hotipoti yenye mahamri yaliyosalia na mbaazi za nazi, kwa sababu mwanamume hawezi kuacha mzigo ubebwe na wanawake mbele ya mkwewe. Nyuma yangu walifuata watoto, kisha mke wangu, kisha mama mkwe akiwa ameshikwa mkono na yule kijana, kisha jirani, ambaye simu yake ilikuwa imeshawashwa kamera. Tulikuwa karibu kufika chini mama mkwe aliponiuliza, kwa sauti ya kushindana na maji, swali lililonimaliza: "Baba, na haya maji yote huishia kwetu baharini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma usiku na kulirudia nikipiga mswaki. Nikageuka niwatazame wote, kwa kuwa mwalimu hampi mwanafunzi mgongo, nikaendelea kushuka kinyumenyume kwa mwendo wa madaha, na nikaanza: "La, Mama. Maji haya hayafiki baharini kamwe. Yanaishia—"

Naomba niieleze sekunde iliyofuata polepole, maana ndivyo ilivyonijia. Kisigino cha kulia kiligusa jiwe, nami nikawaza kwamba jiwe lile lina baridi ya ajabu, kisha nikatambua kwamba baridi ile ilikuwa ya maji, na kwamba chini ya maji kulikuwa na utando wa kijani wenye mlenda kama bamia iliyolala. Kisigino kikaondoka. Sisemi kiliteleza, kiliondoka, kama mtu aliyeitwa mahali na hana muda wa kuaga. Mguu wa kushoto, ambao kwa miaka 38 umemfuata mwenzake kila aendako, ukamfuata. Kwa kitambo kidogo nilikuwa hewani na hotipoti kifuani, nikiwatazama jamaa zangu, nao wakinitazama, na nakumbuka vizuri kabisa uso wa mwanangu mdogo, uliojaa furaha safi ya mtoto anayeona mzazi wake akifanya jambo jipya.

Nikafikia ngazi ya kwanza kwa makalio. Wahenga waliosema kuteleza si kuanguka hawakuwa wamevaa viatu vyangu, kwa sababu mimi nilifanya yote mawili kwa mpigo mmoja na bado nilikuwa na safari. Ngazi ya pili nilijaribu kushika jani, likaja nalo. Ya tatu hotipoti ilinitoka mikononi na kunitangulia ikidunda kwa sauti ya bati. Katika ya nne ndipo suruali ilipopasuka, kuanzia kiunoni nyuma hadi mahali ambapo sitapataja, na ingawa mto mzima ulikuwa ukianguka hatua chache kutoka tulipokuwa, kila mtu alisikia ule mpasuko. Ya tano na ya sita nilizipita nikiwa nimekata tamaa ya kupinga. Katika ya saba nikakoma, nimeketi wima, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayengoja uji, mbaazi za nazi zikinitiririkia polepole kwenye soksi.

Mngedhani Mungu angenisitiri kwa kuacha mahali pale patupu. Kulikuwa na wanafunzi wapatao 40 wa shule ya msingi, waliokuwa katika safari ya masomo, wamepanga mstari tayari kupanda. Hotipoti ilikuwa imesimama miguuni pa yule wa kwanza. Nilipojaribu kuinuka, niligeuka upande usiofaa, na wote 40 wakaona nilichovaa ndani, ambacho ni zawadi niliyopewa na wanangu siku ya akina baba, na kina picha za bata wa manjano. Kimya. Kisha mwalimu wao, mama mwenye malezi mema kupita kiasi, akasema, "Watoto, tunamwambiaje?" Nao wakaitikia kwa pamoja, kama wimbo wa taifa: "Pole sana, mzee!"

Mzee.

Mama mkwe alishushwa na kijana wake hadi nilipokuwa, bila hata tone la tope kwenye kandambili zake. Alifanya kama mila inavyotaka: aligeuza uso akatazama maji, akaivua ile leso ya mabegani, na kunipokeza kwa mkono wa nyuma. "Jistiri, mwanangu," alisema. Nikaizungushia kiunoni, nikaifunga fundo, nikashukuru. Ilikuwa ni jirani, bila shaka, aliyeinama na kuyasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa yamenikaa barabara juu ya makalio: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu."

Kupanda kulichukua karibu saa nzima. Kule juu, nikiwa nimeegemea ukuta karibu na wale wazee wa vinyonga ili nipumue, nimevaa leso, nina tope usoni na jani shingoni, mgeni mmoja alinijia na mkewe, akanipima kwa macho, kisha akaniuliza picha ni shilingi ngapi. Kabla sijajibu, mwanangu akasema hamsini. Picha hiyo iko mahali fulani duniani, na hela zile hadi leo sijaziona.

Yaliyobaki ni machache. Dukani mjini hapakuwa na suruali ya kiuno changu. Mgongo ulikataa kuendesha, kwa hiyo mke wangu alishika usukani, nami nikalala kiti cha nyuma kabisa kwa ubavu. Karibu na Gilgil askari wa barabarani alitusimamisha, akachungulia dirishani, akasoma leso, akauliza dereva ni nani. Gari zima lilimjibu kwa sauti moja. Alicheka hadi akaegemea boneti, akatupungia tupite bila kutazama hata leseni. Tulifika nyumbani saa mbili usiku, na ghorofa tano zile, ambazo nilimtajia yule kijana kwa majivuno, nilizipanda kwa mikono na magoti.

Jumatatu nilimsindikiza mama mkwe hadi kituo cha treni cha Syokimau. Nilikuwa nimeifua leso yake, nimeipiga pasi, nimeikunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Akaikataa. Badala yake akatoa mkobani kipande cha pili, chenye maua yale yale na maneno yale yale, akakiweka juu ya kile cha kwanza mikononi mwangu na kusema kwamba doti haitenganishwi. Akapanda hatua mbili za behewa, akageuka.

"Na hukunimalizia, baba. Yale maji yanaishia wapi?"

Nilihakikisha kwanza kwamba nimesimama, miguu yote miwili juu ya sakafu kavu.

"Kwenye kinamasi cha Lorian, Mama," nilisema. "Kaskazini mashariki."