Mifumo ya Habari si kozi ya waliokimbia hesabu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, swali ni lile lile: Sayansi ya Kompyuta au Mifumo ya Habari (Information Systems)? Mtaani jibu liko tayari. Unazimudu hesabu, nenda Sayansi ya Kompyuta. Zinakushinda, Mifumo ya Habari itakupokea. Juzi nimemsikia mjomba akimweleza hivyo mpwa wake wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na kijana akafuta chaguo lake la kwanza palepale kwenye simu.

Mjomba ana hoja. Algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, na mifumo endeshi ni msingi usiochakaa hata lugha za programu zikibadilika, na anayetaka kuendelea na akili mnemba katika shahada ya pili ataanza akiwa mbele. Uhandisi wa kompyuta nao, wa miaka minne, unampa mtu njia ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayependa hesabu asizuiwe.

Lakini nimewahi kukaa kwenye benchi la hospitali moja nikimtazama muuguzi akiandika jina la mgonjwa kwenye daftari, kisha akaliandika upya kwenye kompyuta. Nilipomuuliza, alisema mfumo haufungui faili mpaka malipo yaonekane, na mgonjwa wa dharura hasubiri risiti. Programu haikuwa imeharibika. Ilifanya ilichoagizwa. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa na muuguzi yule zamu nzima, kabla msimbo wowote haujaandikwa, amuulize: akiletwa mtu saa nane usiku hana hela, mnafanyaje? Gharama ya swali hilo kutoulizwa inalipwa kila usiku, kwa dakika za mgonjwa na kwa mkono wa muuguzi anayeandika mara mbili.

Kumfundisha mtu kuuliza swali hilo, kisha kuligeuza kuwa mchoro wa kazi na kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta), ndiyo kazi ya Mifumo ya Habari. Tazama namba ya malipo tunayopewa tukilipia huduma za serikali tangu GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, uanze mwaka 2017. Ugumu wake mkubwa ni makubaliano: taasisi gani inatoa namba, benki au kampuni ya simu inathibitishaje, mteja akikosea inakuwaje.

Na ajira? Matangazo ya nafasi za Afisa TEHAMA serikalini mara nyingi huzitaja shahada hizi kwa pamoja.

Ninachokihofia ni chuo kinachofundisha kozi hii kwa nadharia tupu, kikatoa wahitimu wa kuandika ripoti. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana afungue orodha ya masomo, ahesabu mihula ya programu na ya kanzidata, kisha alinganishe chuo na chuo. Dirisha halijafungwa, alichokifuta anaweza kukirudisha.