Mteja Akisema "Nitumie Kazi Zako"

Miaka miwili ya kwanza ya kuandika kwa kujitegemea nilitoa makala zaidi ya mia moja. Siku mteja wa maana aliponiambia, "Nitumie kazi zako tatu," nikakosa hata moja. Zote zilitoka bila jina langu, na nyingine nilishakubali kwamba sitamwambia mtu ni zangu. Yamewakuta hata wenzetu wa Nairobi wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Mtu amekesha miaka, mkono umeiva, lakini hana ukurasa wa kuonyesha. Na angekuwa nao, angeuonyesha kwa nani?

Ushauri anaopewa anayeanza ni uleule: andika bure kwanza, ujulikane. Mimi siuafiki. Kampuni moja ilinipa "kazi ya majaribio" ya maneno 800, kisha ikanyamaza. Wiki tatu baadaye nikaikuta makala kwenye tovuti yao, picha nzuri, jina hakuna, shilingi hakuna. Nikajiuliza tulijaribiwa wangapi. Ukipata watu kumi wa kuwajaribu kila mwezi, mwandishi wa kumlipa wa nini?

Kama ni bure, basi jiandikie mwenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nani alinilipa kwa sampuli ile. Wanachotaka ni kuona kama naweza. Makala tatu zinatosha. Ukimtumia mteja ishirini atasoma ya kwanza, na kwa bahati mbaya huenda ndiyo mbaya kuliko zote.

Kazi ipo kwenye kuchagua mada. Mimi nilichagua nishati ya kupikia, na sikuichagua kwa mapenzi. Serikali ilikuwa imezitaka taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, halafu mwaka huohuo ukaja mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Penye mkakati pana miradi, na penye miradi kuna ripoti, vipeperushi na makala zinazotafuta mwandishi.

Rasimu yangu ilianza hivi: "Nishati ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu." Sentensi ambayo siku hizi hata programu ya kompyuta inakuandikia kabla hujapepesa jicho. Nikaifuta, nikaenda kwa mama ntilie mmoja wa pale stendi. Mtungi wake wa gesi wa kilo sita upo pembeni, umefunikwa kitenge, juu yake kapanga sahani. Wali unaiva kwenye mkaa. Nikamuuliza, mama, kulikoni?

"Mwanangu, mkaa nanunua kopo kwa hela ya chai ya asubuhi. Gesi ya elfu mbili nitaipata wapi hapa?"

Makala nzima ilikuwa humo. Mtungi unataka hela yote kwa mkupuo, na yeye hela yake inaingia kikombe kwa kikombe. Nilianza na kile kitenge, takwimu za mkakati nikazisogeza aya ya nne.

Mengine ni ya kujipanga tu. Kabla hujaanza kazi ya mtu, muulize kwa maandishi kama utaruhusiwa kuionyesha. Akikataa, bei ipande. Kila kinachochapishwa kihifadhi kwa PDF siku hiyohiyo, maana tovuti hufa bila kuaga, na kiungo kisichofunguka mbele ya mteja ni aibu yako, si ya tovuti. Na tafadhali, usimtumie mtu faili linaloitwa "makala mpya ya mwisho kabisa 2". Nimewahi kulituma. Kwa WhatsApp, saa tano usiku.

Mwaka ule mhariri wa mradi mmoja alinipa kazi kwa zile sampuli tatu. Baadaye nikagundua mbili hakuzifungua kabisa. Alisoma ile ya mtungi, akanipigia simu, nikajua anataka kuzungumzia malipo. Swali lake la kwanza likawa, "Hivi yule mama alishajaza gesi?"

Sikujua. Kesho yake nikapanda daladala kurudi stendi kumuuliza.