Tunalisingizia jua la Kampala

Januari na Februari zikiingia, kila anayefika kazini Kampala akiwa amenuna hulaumu jua. Mimi naona jua linasingiziwa. Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akija hapa atakucheka ukimwambia kuna joto. Kinachotumaliza ni kukaa ndani ya bati la teksi lililosimama tukingoja lijae.

Teksi zetu, hizi matatu za abiria 14, hazina ratiba. Pale kituo cha Old Taxi Park konda anakuapia kabakiza mmoja tu. Unaingia, unabanwa katikati, halafu wawili waliokaa kimya mbele yako wanashuka. Kumbe ni vijana wa steji, wamepandishwa ili gari lionekane limejaa! Muuza soksi ameshapitisha mkono dirishani, mama wa kando kapakata mtoto na mfuko wa nyanya, dereva haonekani. Hapo ndipo mtu mzima na heshima zake anapogombana na konda kwa shilingi 500.

Siku hizi kabla ya kupanda nachungulia kwanza. Abiria wa kweli ana mzigo na uso umemchoka. Wa bandia hana hata kimfuko, na anapiga soga na konda.

Kiti nacho nakichagua. Kwa sisi wa barabara ya Entebbe, kusini mwa mji, asubuhi tukienda mjini jua linatoka kulia, na jioni tukirudi liko kulia vilevile. Basi kaa kushoto, upande wa mlango, hata kama utasumbuliwa na wanaoshuka. Wa Mukono, mashariki mwa mji, wana bahati: linawapiga kisogoni, kwenda na kurudi.

Boda? Naipanda kwa safari fupi, na kofia ngumu kichwani. Kuna wanaoiona ndiyo suluhisho la foleni. Sibishani nao, ila waangalie miguu yao, bomba la moshi halina huruma. Na mawingu yakitanda tu, bei inaruka.

Mwaka 2020, wakati wa korona, teksi ziliporuhusiwa kurudi barabarani ziliamriwa kubeba nusu ya abiria. Nauli ilipanda, tukalipa huku tukinung'unika, lakini magoti yalipata pa kukaa. Sasa tumerudi kulekule, na jioni kiti cha watatu kinabeba wanne. Mimi ningekubali kuongeza kidogo ili gari liondoke kwa saa iliyopangwa, lijae lisijae. Nikilisema hili kwa majirani zangu wa Katwe wananijia juu: hiyo nauli ya sasa yenyewe wanaitafuta tangu alfajiri, na wengine wanarudi nyumbani kwa miguu.