Muvi Inakatwa Saa Nane na Nusu, Ubishi Unaendelea

Jumamosi iliyopita hapa Busia, upande wetu wa Uganda, watu wa boda walikaa kwa steji karibu lisaa lizima wakibishana, abiria wanapita tu, na hawakuwa wanabishania mpira, walikuwa wanabishania muvi ya mwaka 1981. Mwenye kibanda, kile cha kulipia kuona muvi na mpira, alikuwa ameweka Escape to Victory, ile ya wafungwa wa vita wanaopangiwa mechi na Wajerumani huko Paris. Pelé yuko ndani, Bobby Moore yuko, Osvaldo Ardiles yuko, alafu kipa ni Sylvester Stallone, ebu fikiria. Hafu taimu wamefungwa 4-1. Wafaransa wa chini kwa chini wamewachimbia njia kutoka kwa mitaro ya maji machafu mpaka ndani ya bafu ya wachezaji, kutoroka ni kuinama tu uende, na wachezaji wanakataa, wanataka kurudi uwanjani kumaliza mechi.

Hapo ndio steji iligawanyika. Mmoja mwenye sauti kubwa kuliko wote akasema huo ni ujinga wa watu wa muvi, nani anaacha uhuru wake juu ya magoli matatu? Mwingine, jamaa anayecheza beki wa kati kila Jumapili kwa uwanja wa shule, akakaa kimya kidogo, akafuta taa ya pikipiki yake, akasema "mimi ningerudi." Basi, hakueleza zaidi. Watu walicheka lakini nilivyowaangalia ata waliocheka walikuwa wanajiuliza.

Sasa mimi nina rafiki ana laibrari, ile ya kukujazia muvi kwa flashi, na yeye huwa anasema wazi kwamba mashabiki wa mpira wasipewe nafasi ya kuongelea muvi kabisa. Anasema hawajui hadithi, wanajua matokeo tu, wanapigia muvi hesabu kama jedwali la ligi, hii ni nane kwa kumi, ile director wake angefutwa kazi mapema, yule muigizaji angefanyiwa sab dakika ya ishirini. Na siwezi kusema anawaonea, kwa sababu kuna vitu viwili hapa kwetu vinamsaidia sana hoja yake.

Cha kwanza ni saa. Kibanda ni kimoja, skrini ni moja, na anayelipa vizuri ni mtu wa mpira. Muvi zinaanza asubuhi, lakini Jumamosi mechi ya kwanza ya Uingereza ikifika saa nane na nusu mchana, muvi inakatwa pale pale ilipofika, ata kama mtu ameshikiwa bunduki kichwani. Kwa hivyo unakuta mtu ana msimamo mkali sana juu ya muvi ambayo mwisho wake hajawahi kuuona, na ameishi na huo msimamo miaka. Yule wa "ujinga" niliyemtaja juu? Muvi ilikatwa wachezaji wakiwa bado wamesimama kwa bafu. Kipindi cha pili hakukiona.

Cha pili ni VJ, yule mtu anayetafsiri muvi kwa sauti juu ya sauti yake. Mtu akitazama muvi kwa kibanda hasikii Kiingereza, anasikia VJ Jingo ama VJ Junior akitafsiri kwa Luganda, na VJ hatafsiri tu, anaongeza, anatania, anampa jambazi jina la mtaa, anakuambia mapema huyu dada usimwamini. Alafu sisi wa mpakani Luganda yetu wengine ni ile ya kuombea chenji, lazima kuwe na mtu pembeni anatupigia kwa Kiswahili, na yeye pia ana maoni yake. Ukifika hapo muvi imepita midomo miwili kabla ya kukufikia. Nimeona watu wawili wakikaribia kupigana juu ya muvi moja, mmoja aliiona kwa simu kwa Kiingereza, mwingine aliiona na VJ, na ukweli ni kwamba waliona muvi mbili tofauti na kila mmoja alikuwa sawa na yake.

Lakini hapo kwa VJ rafiki yangu pia anapotea kidogo. Anaongea kama vile VJ ni uchafu uliomwagikia muvi. Angalia Who Killed Captain Alex? ya 2010, ile ya director Nabwana kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, sauti ya VJ iko ndani ya muvi yenyewe, na hiyo ndio muvi yetu iliyofika kwa wazungu wakaipenda mpaka wengine wakapanda ndege kuja Wakaliga kupigwa risasi za uongo. Kelele za kibanda zimekuwa sehemu ya sanaa, sasa utamwambiaje mtu wa kibanda hajui sanaa?

Na kuna kitu ambacho kwa kweli mashabiki wanakiona kuliko sisi wengine wote. Mwili. Shabiki amezoea kamera ya juu, anaona uwanja mzima, anajua nani amechoka kabla ata kocha hajajua. Muvi nyingi za mpira zinakuonyesha kiatu, alafu uso wa mtu, alafu nyavu zinatikisika, mpira wenyewe ulipita wapi hujui. Watu wa kibanda wanashtuka hapo hapo, "huyo hajapiga kitu!" Goal! ya 2005 walichukua picha mpaka ndani ya uwanja wa Newcastle, mashabiki wa kweli wamejaa, na bado beki wetu wa kati alisema yule Santiago, mchezaji mkuu wa hiyo muvi, anakimbia kama mtu aliyefundishwa mpira wiki jana. Hakuwa anatafuta kosa, anajua tu mtu aliyekua na mpira mguuni anavyoweka bega. Kwa Escape to Victory hakulalamika, na kuna sababu, wengi wanaocheza mle ni wachezaji kweli, ata Ipswich Town, klabu ya Uingereza, walitoa watu. Pelé anaposimama kwa ubao na kuchora kwa chaki vile atapita kila mtu mpaka golini, kibanda kizima kililipuka, maana hivyo ndio sisi wote tunavyopanga mechi tukiwa tumekaa kwa benchi.

Mahali siwaamini ni wanaposema "haiwezekani, hiyo ni muvi tu." Kuna mzee anabadilisha pesa pale mpakani, yeye huwajibu na John Akii-Bua. Munich 1972, mita 400 za kuruka viunzi, amepewa leni ya kwanza ambayo hakuna anayeitaka, anamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Uganda kwa Olimpiki, na baada ya kushinda anaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havipo. Ungeandika hiyo kwa muvi vijana wangesema director ameweka sukari nyingi.

Alafu kuna zile muvi za kimya kimya. Hapo ni shida, mtu akikaa dakika tano anafikiria kwa skrini, kibanda kinaanza kupiga miluzi. Siku walipoweka Queen of Katwe ya 2016 nilijua itakuwa vita, chesi jamani, kwa watu waliokuja kungoja Arsenal? Robo saa ya kwanza ilikuwa kelele tupu, "weka mpira!" Wakatulia kidogo walipomwona kocha Katende, kwa sababu yule ni mtu wa mpira, na chesi alianza kuifundisha kwa watoto waliokuwa hawachezi. Alafu ikafika ile sehemu mvua inanyesha usiku na maji yanaingia kwa nyumba ya kina Phiona, yule msichana wa chesi. Kibanda kikanyamaza chote. Kuna mama mmoja anauza chapati mlangoni aliacha sufuria akaingia, akasimama nyuma, hakukaa. Hakuna aliyeuliza nani anaongoza.

Rafiki yangu wa laibrari nilipomwambia hiyo alisema ni bahati, siku moja haihesabiki. Mimi naona si bahati, ila pia sidai ingetokea kwa muvi ya watu wa mbali wanaogombana juu ya urithi kwa meza ndefu. Wanachokijua kwa ngozi yao wanakichambua vizuri kuliko mtu yeyote, kingine wanapiga miluzi, na wanapopiga miluzi mimi natafuta kiti karibu na mlango.

Yule mwenye sauti bado anasema ni ujinga. Beki wa kati anajua mechi iliishaje, alishaiona zamani kwa flashi, lakini amekataa kusema ata ukimnunulia soda. Tumemwomba mwenye kibanda aiweke tena Jumamosi hii saa nne asubuhi, mapema kabisa, iishe kabla ya Uingereza kuanza. Amesema sawa, kama umeme utakuwepo.